Wanaoisubiri Mvua ya Kwanza Dodoma

Mvua ya kwanza ikishuka Dodoma, mara nyingi mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, humwamsha mkulima na wengine wengi. Ardhini zimelala mbegu za kiduha, mmea unaonyonya mizizi ya mtama. Ndani ya mabua ya mwaka jana yumo funza aliyejikunja kiangazi kizima bila kula. Juu, upepo wa dhoruba unawasukuma nondo wa viwavijeshi. Wote wanasoma taarifa ileile inayosomwa na mbegu ya mtama: unyevu, joto, harufu ya mzizi. Anayejua kila kiumbe kinaamshwa na nini humtangulia adui hatua moja, na katika nchi ya ukame hatua hiyo moja huokoa mtama mwingi kuliko bomba la dawa.

Kwa mwaka Dodoma hupata takribani milimita 500 hadi 600 za mvua, tena kwa msimu mmoja unaokwisha Aprili. Katikati, hasa Februari, jua huikatisha mvua kwa wiki mbili au tatu. Kwa hiyo swali la kwanza ni mvua ipi ya kupandia. Manyunyu ya milimita 10 yanatosha kuiamsha mbegu ila hayatoshi kuilea, na mbegu ikishatoa mzizi hairudi tena usingizini. Tega kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Asubuhi rula ikionesha milimita 25 hadi 30, hiyo ni mvua ya kupandia. Asiye na kopo achimbe: unyevu ukiwa umefika karibu sentimita 20, yaani urefu wa kiganja kilichokunjuliwa, kuanzia ncha ya kidole cha kati hadi kifundo cha mkono, apande siku hiyohiyo au kesho yake.

Wanaopanda vumbini kabla ya mvua, hasa uwele, wana hoja yao: mche unaoanza na tone la kwanza hutangulia wadudu. Lakini mbegu ifukiwe sentimita 4 hadi 5. Iliyofukiwa juujuu hudanganywa na kila wingu, na isipochipua huchukuliwa na sisimizi. Tatizo la kufukia zaidi ya hapo ni ukoko. Udongo mwekundu wa huku ukipigwa na mvua kubwa kisha jua hufunga juu kama sakafu, na chipukizi hujikunja chini yake likafa. Siku ya nne au ya tano baada ya kupanda, kama ukoko umekaza, buruta tawi la miiba juu ya mistari. Linatosha. Jembe litakata miche.

Kuberega, ule utaratibu wa kukwangua magugu na kuyachoma kisha kupanda bila kulima, humwahisha mtu kupanda, na ndiyo sababu haujafa. Hasara yake ni maji. Ardhi isiyotifuliwa na iliyochomwa majani yake huacha mvua itiririke kwenda korongoni, na mtama unaanza kuhesabu ukame siku tatu tu baada ya mvua. Mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Dodoma, hujibu hilo: kipenyo sentimita 20 hadi 25, kina 30, nafasi ya 60 kati ya shimo na shimo, na 90 kati ya mstari na mstari. Weka samadi na majani makavu kiangazi. Mchwa watakuja kula majani hayo, na vijia wanavyotoboa ndivyo vitakavyopitisha maji chini. Mchwa haohao wasipokuta majani makavu shambani hugeukia mahindi yanayokauka, wakayalaza chini. Uchungu wa mashimo ni kazi: ekari moja inabeba zaidi ya mashimo 7,000. Afadhali kuanza na robo ekari, mashimo kama 1,870. Ukiweka lita moja ya samadi kila shimo, unahitaji takribani debe 94 za lita 20.

Mche ukishatoka, wa kwanza kufika ni nzi wa mtama. Ni mdogo kuliko nzi wa nyumbani, wa kijivu, na hutaga yai moja moja jeupe chini ya jani la mche wenye umri wa wiki moja hadi nne. Buu huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na alfajiri hutumia unyevu ulio juu ya jani kuteleza hadi kwenye moyo wa mche. Akikata pale, jani la katikati linanyauka huku ya pembeni yakiwa bado ya kijani. Livute: likichomoka bila ukinzani na chini yake linanuka uozo, ni yeye.

Hapo ndipo tarehe ya kupanda inapofanya kazi. Nzi waliopo mvua zinapoanza ni wachache, kwa sababu kiangazi kimewanyima miche. Wanazaliana kwenye mashamba ya kwanza, na kizazi kinachofuata huangukia kwa aliyechelewa wiki tatu. Mtu aliyechelewa peke yake katikati ya kijiji kilichowahi anavuna nzi wa jirani zake wote. Mnaopakana mpande ndani ya wiki moja. Weka mbegu tano au sita kila shimo, kisha siku ya 15 hadi ya 20 punguza ibaki miche miwili, ukianza kung'oa iliyonyauka moyo, na uitoe nje ya shamba kabla buu halijashuka udongoni. Kweli mtama uliouawa moyo hautulii, hutoa machipukizi ya pembeni. Lakini masuke ya machipukizi hayo hukomaa baadaye, yakiwa peke yake shambani, na ndege wanajua.

Viwavijeshi wa asili wa Afrika, tofauti na wale vamizi, hufuata dhoruba za mwanzo wa msimu. Nondo wanaosafiri usiku hukusanywa na pepo zinazokutana kwenye mvua, wakashuka pamoja na kutaga pamoja. Ndiyo maana mlipuko unaweza kukumba kata moja na kuiruka nyingine. Kiwavi akiwa mwenyewe ni wa kijani na anajificha. Wakisongamana, kugusana tu kunawabadilisha rangi wakawa weusi wenye mistari na kuanza kutembea kundi zima mchana kweupe. Kwa hiyo weusi ukionekana, ujue wameshakuwa wengi kwa siku kadhaa. Angalia nyasi za malisho kabla ya mtama, kwa sababu huko huanza. Muda wao wa kula ni wiki mbili hadi tatu, na sehemu kubwa ya kula hufanyika siku za mwisho, kisha wanazama udongoni kujigeuza. Anayenunua dawa wakati shamba limeshabaki mifupa ya majani anapulizia udongo. Alizeti, kunde na karanga hawaguswi, kwani chakula cha viwavi hawa ni jamii ya nyasi.

Viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017, wana tabia nyingine. Kwenye joto la nyuzi 28 mzunguko wao huchukua takribani siku 30, na kukiwa na baridi unaweza kufika 60. Hujificha moyoni mwa mmea mchana na kuacha kinyesi kama pumba za mbao. Pulizia alfajiri au jioni, bomba likielekezwa moyoni. Pita shamba kwa zigizaga, simama sehemu tano, kagua mimea 20 kila sehemu. Mahindi yakiwa machanga, mimea kama 20 kati ya 100 ikiwa na dalili mpya, chukua hatua. Mvua kubwa huwazamisha viwavi wachanga wengi, hivyo hesabu upya baada ya mvua kabla ya kutoa hela.

Funza wa mabua anaamka kwa njia tofauti. Mavuno yakikaribia, mabua yakikauka, funza aliyekomaa hajigeuzi nondo. Anapunguza mwendo wa mwili wake na kulala ndani ya bua miezi yote ya kiangazi. Mvua ikilowesha bua, anazinduka, anajigeuza, na nondo anatoka wakati mtama mpya una majani sita. Uzio wa mabua na rundo la lishe lililosimamishwa nyuma ya nyumba ndiyo ghala lake. Mabua yakilazwa chini, yametandazwa juani kwa wiki nne bila kurundikwa, wengi wao hufa kwa joto na kukauka. Yanayobaki kwa ng'ombe yaliwe kabla ya Novemba. Dalili shambani ni matundu madogo yaliyojipanga mstari kukatisha jani, kwa sababu kiwavi alilitoboa likiwa bado limeviringika. Ukiona hivyo una siku chache tu. Akishaingia ndani ya bua hakuna dawa ya kupuliza itakayomfikia.

Hapa mmea nao una neno. Hindi linapotafunwa na kiwavi hutoa harufu ambayo haliitoi likikatwa kwa kisu tu, na nyigu wadogo wasiozidi milimita chache huifuata hadi kwa kiwavi, wakamtagia mayai mwilini. Ukipasua bua ukakuta vifuko vyeupe vimegandana kama punje ndogo za mchele karibu na funza aliyesinyaa, hiyo ni kazi yao. Shamba lenye vifuko vingi liache. Dawa itaua nyigu kwanza, kwani wao wako nje na funza yuko ndani.

Sasa kiduha, ambacho wengi wanakihesabu kuwa gugu, ilhali kinaishi kama kupe. Mbegu yake ni kama vumbi, karibu theluthi ya milimita. Mche mmoja unaweza kuangusha mbegu 50,000 na zaidi, nazo hukaa ardhini hata zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Haziamshwi na maji peke yake. Kwanza zinahitaji kukaa kwenye udongo wenye unyevu na joto kwa wiki moja hadi mbili, kisha zisubiri kemikali iitwayo strigolaktoni inayovuja kutoka kwenye mizizi ya mtama, uwele au mahindi, na mzizi wenyewe uwe umbali wa milimita chache. Zisipoipata, hulala tena hadi msimu mwingine.

Mtama hautoi kemikali hiyo kwa ajili ya adui wake. Mizizi ikikosa fosforasi huitoa kwa wingi ili kuwaita kuvu wa udongoni wanaousaidia mmea kuitafuta fosforasi hiyo. Kiduha kinadukua wito huo. Ndiyo maana kiko kingi kwenye udongo wa kichanga uliochoka, kando ya vijiji vya zamani, mahali palipolimwa mtama juu ya mtama miaka mingi. Shamba lenye samadi linaita kwa sauti ndogo. Samadi iliyooza vizuri, au mbolea ya kupandia yenye fosforasi ikiwekwa kando na chini kidogo ya mbegu, haikifuti kiduha, ila inapunguza mialiko.

Kinachowakatisha tamaa watu ni kwamba madhara hutangulia dalili. Kikishashika mzizi, kiduha hukaa chini ya ardhi wiki nne hadi saba kikinyonya maji na chakula. Mtama unadumaa na kunyauka kama uliokaukiwa wakati udongo bado una unyevu. Ukiona hivyo chimbua mche mmoja pamoja na udongo wake, suuza mizizi taratibu kwenye beseni, utaona vichipukizi vyeupe vimeng'ang'ania. Kuking'oa kikishatoka juu hakuirudishi debe iliyopotea mwaka huu. Kunazuia mbegu za miaka inayokuja, na kwa hiyo lazima kufanyike kabla hakijatoa maua. Kilichokwisha kutoa maua kichomwe nje ya shamba. Usikitupe njiani wala usimpe ng'ombe, maana mbegu hupita tumboni salama na kurudi shambani na samadi.

Njia yenye akili zaidi ni kukidanganya. Mizizi ya karanga na ya kunde nayo huziamsha mbegu za kiduha cha mtama, lakini hakiwezi kujishika nayo. Kikiota na kukosa pa kunyonya kinakufa ndani ya siku chache. Msimu mmoja hauimalizi hazina iliyo ardhini. Panga miwili au mitatu, au changanya mistari ya kunde kati ya mtama kila mwaka. Tahadhari iko hapa: kuna ndugu yake mwenye maua ya njano anayenyonya kunde, njugu mawe na hata karanga zenyewe. Akionekana, mazao hayo hayafai tena kuwa mtego hapo. Kwa mbegu, aina za mtama Hakika na Wahi, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2002, zilichaguliwa kwa kuhimili kiduha, na ukomavu wao wa mapema ni faida nyingine Dodoma.

Jua la Februari linapokaza, soma saa ya kukunjika kwa majani. Mtama unaokunja majani saa saba mchana na kuyafungua jioni unabana matumizi tu: vinyweleo vya hewa vimefungwa, nta ya juu ya jani inapunguza kukauka. Ukiyakuta yamekunjika saa mbili asubuhi, mizizi haipati kitu. Hata hivyo mtama una uwezo wa kusimama, ukangoja, na kuendelea mvua ikirudi. Hindi halingoji. Likishikwa na ukame wakati wa kuchanua, ndevu huchelewa kutoka huku chavua inamwagika kwa ratiba yake, na unavuna magunzi yenye punje za kuhesabu. Ndiyo maana kupanda mahindi kwenye kichanga cha Bahi au Chamwino kwa kutegemea mvua pekee ni kamari.

Ukame huohuo unaufanya mtama mchanga kuwa sumu kwa mifugo. Majani machanga yana kitu kinachotoa sayanidi yanapotafunwa, na kiasi chake hupanda mmea ukidumazwa na jua. Hatari kubwa ni machipukizi yanayotoka kwa kasi mvua inaporudi baada ya ukame, au yanayochipua kwenye visiki baada ya mavuno. Usiingize ng'ombe wala mbuzi kwenye mtama usiofika sentimita 60. Usiwaingize wakiwa na njaa kali. Mnyama aliyeathirika hupumua kwa nguvu, hutetemeka na kuanguka ndani ya dakika chache, hivyo muda wa kumwita daktari wa mifugo ni dalili ya kwanza ileile. Majani yaliyokaushwa vizuri juani hadi yawe makavu kabisa hupungukiwa sumu sana.

Wadudu wanaofyonza hupenda kipindi hicho. Vidukari huzaa watoto hai bila dume. Wakisongamana au mmea ukianza kuchoka, watoto wanaofuata huzaliwa na mabawa na kuhama. Hao wenye mabawa ndio wanaobeba ukoma wa karanga, ugonjwa wa virusi. Huvutiwa na mche uliozungukwa na udongo mtupu, hivyo karanga zilizopandwa mapema na kwa kubanana, sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche, huugua kidogo kuliko zilizoachiana sana. Kwenye bustani za nyanya, joto la nyuzi 30 humfikisha utitiri mwekundu kizazi kipya kwa siku kama 10, na vumbi la barabarani juu ya majani humlinda dhidi ya wanaomla. Osha majani kwa maji, hasa upande wa chini. Sumu kali ya wadudu huua maadui wa utitiri na kumwacha yeye akiongezeka.

Alizeti inastahili neno moja. Kichwa kichanga hufuata jua kutoka mashariki hadi magharibi na usiku hurudi. Kikichanua hutulia kikiangalia mashariki, kikapata joto mapema na kuwavutia nyuki wengi zaidi asubuhi. Ukilazimika kupulizia, fanya hivyo jioni nyuki wakishaondoka.

Mizabibu ya Hombolo na Makutupora haina baridi ya kuiambia ilale, na mkasi wa kupogolea ndiyo baridi yake. Kukata matawi huondoa utawala wa chipukizi la juu na kuyaamsha macho yaliyo chini. Tangu kupogoa hadi kuvuna ni takribani miezi minne, kwa hiyo ukikata Aprili unavuna Agosti au Septemba, na ukikata Oktoba unavuna Februari au Machi. Anayekata kabla mvua hazijakatika anayatoa majani mateke wakati wa umande na matone, na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani, hauhitaji zaidi ya jani lililolowa. Ubwiri unga ni kinyume: hauhitaji jani kulowa, unapenda kivuli na msongamano, hivyo fungua matawi hewa ipite. Salfa inauzuia, lakini ikipulizwa joto likizidi nyuzi 32 huunguza majani. Maliza kabla ya saa tatu asubuhi.

Wa mwisho kusoma dalili ni kweleakwelea. Wanaishi kwa mbegu za nyasi pori. Mvua zinapoziotesha mbegu hizo, chakula chao hupungua, wanahama kufuata nyasi mpya, na mtama wako unapofika hatua ya maziwa, punje zikiwa bado laini zenye maji meupe, unakuwa mezani. Ndege mmoja hula takribani gramu 10 kwa siku, lakini hudondosha nyingine nyingi. Wiki mbili hadi tatu za maziwa ndizo za kulinda tangu alfajiri. Mtama mwekundu wenye ukakasi huwachelewesha, mweupe haudumu. Baada ya hapo, chomoa punje chache za katikati ya suke kila siku mbili. Pale punje inaposhikana na suke pakitokea doa jeusi, punje haiongezeki tena uzito. Kata masuke siku hiyo, hata kama bua bado ni la kijani, na uyaanike uani kwenye turubai hadi punje ivunjike kwa mlio ukiitafuna.